Taulo Jekundu Haliendi Hewani

Haya ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Naapa kwa mvi zangu zote na kwa meno niliyobakiwa nayo. Chumvi sijatia hata punje. Daktari amenikataza chumvi kwenye chakula, na mimi kwa utiifu wangu nikaiacha hata kwenye mazungumzo.

Basi.

Toyota ya rangi ya fedha ilikata kona bila kuwasha taa.

Nyuma yake, Yamaha nyeusi ikakata kona ileile.

Juu ya Yamaha alikuwepo mwanamke wa umri wa kuelekea arobaini. Koti la ngozi, kofia ngumu, miwani ya giza. Katika idara yake ya siri walimwita Ganzi, wala si kwa ubaya. Mwanamke yule alikuwa hashtuki. Mpigie honi sikioni, anageuka taratibu kukuuliza unataka nini. Kuna siku alipigwa risasi ya bega akiwa mkahawani. Akamaliza kwanza chai yake, akarudisha kikombe kaunta, ndipo akaenda hospitali, tena kwa miguu, maana aliona foleni ya magari ni ndefu.

Zamani hakuwa hivyo. Kazi ndiyo iliyomfanya. Kila operesheni ilimnyofoa kitu. Hofu ilitangulia kuhama, hasira ikafuata, na furaha ilipoona imebaki peke yake mle ndani, nayo ikafunga mizigo.

Kifaa kidogo kama punje ya mchele kikakwaruza sikioni.

"Uko wapi?"

"Nyuma yake."

"Usimpoteze."

"Sawa, Mjomba."

Mjomba ni mkuu wake wa kazi. Undugu hawana hata wa mbali, lakini mtu akizungumza na mjomba wake kwenye simu hakuna anayetega sikio, kwa hiyo jina likakaa.

Ndani ya Toyota alikuwemo Bwana Marashi. Walimwita hivyo kwa sababu harufu yake ilifika mahali kabla yake na ikabaki akishaondoka. Kwa watu wa kawaida alikuwa mwagizaji wa sabuni ya unga. Kwa idara alikuwa kitu kingine. Katikati ya maboksi ya sabuni kutoka ng'ambo, aliingiza vidonge vya presha vya bandia. Chokaa na rangi. Vimefungwa vizuri, vimepigwa mhuri, hata mfamasia angevitazama asingevigundua.

Kila mara lori lake liliingia mjini, likashusha mzigo mahali, na vijana wa pikipiki wakautawanya kwenye maduka ya dawa kabla kikosi cha idara hakijafika. Simu yake ilikuwa inasikilizwa mwezi wa ngapi sasa. Aliongea na mkewe. Aliongea na kinyozi. Lakini na dereva wa lori hakuwahi kuongea naye hata siku moja.

Sasa dereva alijuaje pa kushusha?

Hilo ndilo swali lililomweka Ganzi juu ya pikipiki.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo kwenye faili halikuandikwa. Mama yake Ganzi alikuwa na presha. Siku moja alianguka jikoni, mwiko mkononi, na vidonge vyake alikuwa amemeza kama kawaida. Toka siku hiyo mkono wa kushoto haukuweza kufunga kifungo cha blauzi. Maabara ya idara ikapima vile vidonge. Chokaa.

"Chokaa?" Mama aliuliza kitandani. "Na vilikuwa vichungu hivyo?"

Ganzi alikaa pembeni ya kitanda akasubiri machozi. Hayakuja. Akatoka kwenye korido akaandika ripoti.

Toyota ikasimama mbele ya jengo la vioo. Bwana Marashi akaingia kwenye lifti. Ganzi akapanda ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, akafika juu akipumua kama mtu aliyetoka kulala. Mlango. Mimea ya plastiki. Kibao kilichosema kwamba hapo ni kampuni ya masoko ya mitandaoni, kwamba hapo ndoto hupata wafuasi.

Msichana wa mapokezi akainua macho.

"Umekuja usaili wa mafunzo kazini?"

Nyuma ya kioo, Bwana Marashi alikuwa anapeana mikono na mwanamke mwenye raba nyeupe na suruali ya kitambaa.

"Ndiyo," akasema Ganzi.

"Umechelewa."

"Foleni."

"Una laptopu yako mwenyewe?"

"Ninayo."

"Umepita."

Ndivyo jasusi aliyewahi kutegua bomu kwa kikata kucha alivyokuwa mwanagenzi.

*

Walimpa meza karibu na printa na kiti kilichokuwa kinazama. Anakaa yuko sawa na wenzake, baada ya muda kidevu kiko usawa wa meza. Hakuwahi kulalamika. Alipozama sana alisimama, akakipandisha, akakaa tena.

Msimamizi wake alikuwa kijana waliyemwita Kalenda, kwa kuwa ndiye aliyetunza ratiba ya posti zote: ukurasa upi, picha ipi, saa ngapi. Alikuwa na umri wa kuwa mpwa wake, akamwita Anti toka siku ya kwanza.

"Anti, wewe kazi yako ni komenti. Mtu akiuliza, unajibu. Akitukana, unafuta. Usibishane na mtu."

"Sibishani."

"Na uwe mchangamfu."

Ganzi akamtazama.

"Basi tumia vikaragosi," akasema Kalenda.

Akaanza kazi. Wateja wa sabuni ya Bwana Marashi walikuwa wengi na maswali yao ni yaleyale. *Bei?* Karibu inboksi. *Mnapatikana wapi?* Karibu inboksi. *Inatoa madoa ya wino?* Karibu inboksi. *Dada unayejibu hapa nakupenda.* Karibu inboksi.

"Huyo usimkaribishe, Anti," akasema Kalenda kutoka meza ya pili, bila kugeuka.

Mchana alipunguza ukubwa wa picha. Jioni aliandika maneno ya kuweka chini ya picha, na Kalenda akayarudisha.

"Haya maneno yamekufa."

"Yamekufa," Ganzi akakubali.

"Yape uhai."

Akaweka kikaragosi cha moto. Yakapita.

Nisikufiche, msomaji, kazi ile ilimfaa. Hakuna aliyemuuliza anajisikiaje. Pale watu wote walivaa spika masikioni toka asubuhi mpaka jioni, kila mtu na muziki wake, wakatazamana kama samaki waliowekwa kwenye matangi tofauti. Mkurugenzi, yule wa raba nyeupe, alipita akisema "Mko moto, mko moto," naye hakusubiri jibu. Ganzi akaona hapo angeweza kuzeeka.

Lakini macho yake hayakulala.

Aligundua kwamba mteja huyu, tofauti na wateja wengine, alikuja mwenyewe kwenye chumba cha picha. Na alikuja na taulo. Kila mara taulo lake, limekunjwa kwenye mfuko. Linawekwa pembeni ya boksi la sabuni, taa ya duara inawashwa, picha inapigwa.

"Mbona tunayo mataulo hapa?" mbunifu wa picha aliwahi kuuliza.

"Yangu ni laini zaidi," akasema Bwana Marashi.

Ganzi akarudi nyuma kwenye ukurasa, posti baada ya posti. Juma lile ambalo kikosi kilifika ghala la mtoni na kukuta vumbi tu, picha ilikuwa na taulo jeupe. Juma la gereji ya zamani, taulo la njano. Mara nyingine jeupe. Mtoni tena.

Kwa hiyo dereva alikuwa mfuasi wa ukurasa, kama akina mama wote wanaopenda shuka safi. Anasubiri nje ya mji, anafungua simu, anaona rangi ya taulo, anawasha lori. Hakuna simu iliyopigwa wala ujumbe uliotumwa. Amri ilibandikwa mbele ya dunia nzima, na dunia nzima ikauliza bei.

Akampigia Mjomba kutoka kwenye ngazi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Habari za harusi?"

Harusi ni mzigo. Bwana harusi ni lori. Waliona lugha hiyo haimshtui mpita njia.

"Nimejua anavyotumiwa mwaliko."

"Mwaliko wa nini?"

"Wa ukumbi. Uko kwenye nguo. Nyeupe, mtoni. Njano, kwa fundi."

 Mjomba akasema, "Yupo njiani. Mkubwa kuliko wote. Atafika kesho."

"Tutamwona amevaa nini."

"Una sauti ya mtu anayesoma bei za nyanya."

"Ndiyo sauti yangu, Mjomba."

Aliporudi ndani, Kalenda, aliyesikia habari za mwaliko na ukumbi akiwa mlangoni, alikuwa anatabasamu. "Anti, kumbe unaolewa? Hongera." Ganzi akasema asante. Hakuona sababu ya kukanusha.

Jioni ile alipita kwa Mama. Mama alikuwa amekaa na redio, anajifunga kanga kwa mkono mmoja na meno.

"Kopo langu linaisha," akasema. "Kesho unipitie vidonge dukani pale kwa yule kijana."

"Pale usinunue, Mama. Nitakuletea vya hospitali."

"Yule kijana namjua toka ana kamasi. Hawezi kuniuzia kitu kibaya."

"Hajui kama ni kibaya. Hakuna anayejua."

"Basi wewe unayejua kaa hapa unieleze, maana unakuja unasimama mlangoni kama msoma mita." Mama akamtazama. "Hukucheka hata kidogo. Ulikuwa mtoto wa kucheka, wewe."

  Ganzi akamfunga Mama vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, akaondoka.

Mzigo ule ukishuka kesho, keshokutwa uko kwenye rafu ya yule kijana ambaye sasa hana kamasi. Na kwenye rafu za wenzake wote. Hilo alilijua kama mtu anavyojua jina la mtaa wake. Halikumchoma popote. Alijua tu kwamba halitatokea.

*

Kesho yake Bwana Marashi alitangulizwa na harufu, kisha akaja mwenyewe, na mfuko.

Akafungua mfuko.

Taulo jekundu.

Ganzi alikuwa ameshika taa ya duara.  Alirudi nyuma kichwani mwake, posti zote. Jekundu halikuwahi kuwepo.

Ngazini:

"Mjomba. Amevaa nyekundu."

"Nyekundu wapi?"

"Sijui."

"Kikosi ninacho kimoja. Gari ninalo moja, na hilo linawashwa kwa kusukumwa. Nikiweke wapi?"

"Waweke kwa fundi."

"Umesema nyekundu."

"Itakuwa njano."

"Mwaliko unatoka saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Mvalishe," akasema Mjomba, akakata.

Kubadilisha rangi ya taulo ni kazi ya kuvuta kitelezi kimoja kwenye skrini. Kwa hilo hata mimi na miwani yangu ningeweza. Ugumu ulikuwa mahali pengine. Kampuni ile ilikuwa na utaratibu mmoja tu uliofuatwa kama sheria. Posti haiendi hewani mpaka picha itumwe kwenye grupu la WhatsApp la mteja na kila mhusika aweke dole gumba. Mkurugenzi aweke. Kalenda aweke. Mwisho mteja mwenyewe. Kuimalizia picha na kuituma ilikuwa kazi ya mwanagenzi. Na mteja huyu alikuwa na jicho la mwewe. Aliivuta picha, akaikuza, akaikagua kona hadi kona.

Siku hiyo alikaa chumba cha mikutano kusubiri, kahawa mkononi, simu mezani.

Ganzi akaketi kwenye kiti chake kinachozama. Akafikiria. Halafu akafanya kile ambacho jasusi wa kawaida asingekifanya. Akawa mwanagenzi mbovu.

Picha ya kwanza aliituma na nembo imepinda kidogo.

Jibu la Bwana Marashi likaingia. *Nembo imepinda.*

Akainyoosha. Faili akaliita "ya mwisho". Akatuma na nembo imenyooka, lakini imekuwa ndogo.

*Nembo ndogo. Ikuzeni.*

"Ya mwisho kabisa." Nembo kubwa, povu limekatwa juu.

*Povu liko wapi?*

"Ya mwisho kweli." Povu lipo, herufi moja imeanguka kwenye neno usafi.

"Anti," Kalenda akavua spika masikioni, jambo la kihistoria. "Anti yangu. Leo umeamkaje?"

"Vizuri."

"Mteja ananipigia. Mkurugenzi ananipigia. Utaniua."

"Nisamehe. Ni harusi."

Kalenda akalegea. "Ah. Basi sawa. Lakini umakini, Anti."

"Ya mwisho kweli mpya." "Ya mwisho hii sasa." Kila moja na kosa lake, na kila kosa dogo kuliko la nyuma, mpaka Bwana Marashi akawa anatafuta kasoro kwa kukuza picha kama mtu anayetafuta chawa kwenye upara. Nukta imekaa mbali. Kivuli kimezidi. Mara picha ikaja haina kosa kabisa, naye kwa mazoea akaomba nembo ikuzwe. Ikakuzwa. Akaomba ipunguzwe. Ikapunguzwa. Madole gumba ya Mkurugenzi na Kalenda yakaanza kutua kabla picha haijamaliza kufunguka.

Taulo katika zote hizo lilikuwa jekundu kama pilipili.

Saa kumi ikakaribia. Nyuma ya kioo, Bwana Marashi alilegeza tai. Kahawa ilikuwa imeisha na jicho la mwewe limekuwa jicho la kuku wa jioni.

Ganzi akavuta kitelezi.

Njano.

Akaliita faili "ya mwisho Mungu ni shahidi". Akatuma.

Dole la Mkurugenzi.

Dole la Kalenda.

Kupitia kioo, akamwona Bwana Marashi akiinua simu. Mraba mdogo wa picha, ukungu wa rangi, haujafunguliwa. Kidole kikasimama juu yake.

Ganzi hakupumua. Si kwa hofu. Alisahau tu.

Dole gumba likatua. Chini yake: *Rusheni, nimechoka.*

Ikaenda hewani.

*

Nje ya mji, chini ya ubao wa matangazo, lori likawashwa.

"Mjomba. Ametoka?"

"Ametoka. Anapita njia ya kwa fundi. Lakini anasimama kila kituo cha mafuta, anachungulia simu."

"Mwache achungulie."

Hapo ndipo Bwana Marashi alipofungua ukurasa kufurahia sabuni yake.

Akakodoa macho. Akasimama. Kiti kikaanguka.

Mkurugenzi akaingia mbio na raba zake. "Kuna nini, kaka yangu?"

"Taulo ni la njano."

"Limependeza."

"Niliwapa jekundu."

"Umeidhinisha mwenyewe. Ona, dole lako hili. Umeandika na 'rusheni'."

"Badilisheni. Sasa hivi."

"Mbunifu ametoka. Kesho asubuhi, kitu cha kwanza." Mkurugenzi akacheka kicheko cha kutuliza. "Kwani taulo si taulo?"

Bwana Marashi angejibu nini?  Mkurugenzi akampigapiga bega, akamwambia wako moto, akatoka. Mtu yule akabaki na simu yake. Akafanya alichokiweza. Akaandika komenti chini ya posti, kama mteja yeyote. *Picha siyo hii. Ni nyekundu. Nyekundu.*

Kwenye kiti kinachozama, Ganzi akaiona. Akaifuta. Akajibu.

*Asante kwa maoni yako. Karibu inboksi.*

Mteja akaandika tena. Ikafutwa tena. *Asante kwa maoni yako.* Safari hii na kikaragosi cha moto.

Bwana Marashi akainua kichwa polepole. Akatazama ofisi nzima, meza kwa meza, vichwa vyote na spika zake. Macho yake yakatua karibu na printa.

Akamwita kwa kidole kimoja.

Ganzi akaenda. Mlango wa kioo ukafungwa. Taa ya duara ilikuwa imeachwa humo, pembeni ya meza. Kutoka kwenye boksi la sampuli, katikati ya unga wa sabuni, Bwana Marashi akachomoa Beretta yenye kiziba sauti.

"Wewe ni nani?"

"Mwanagenzi."

"Neno la siri la ukurasa unalo?"

"Ninalo."

"Badilisha picha."

"Haiendi hewani bila idhini ya mteja kwenye grupu. Ndiyo utaratibu."

"Mteja ni mimi."

"Basi tuma kwenye grupu."

Nimewaambia ni kweli tupu. Mtu mwenye bastola mkononi, amekasirika, jasho linamshuka, mzigo wake unaelekea shimoni. Na bado, kwa kuwa siku nzima alikuwa akiandika kwenye grupu lile, akainua simu kwa mkono wa pili na kuanza kuandika. Kwa kidole gumba kimoja. Mtu hawezi kuandika kwa kidole kimoja bila kutazama chini.

Akatazama chini.

Ganzi akawasha taa ya duara hadi mwisho, usoni.

Risasi ikatoka kama kikohozi cha mtoto. Ikapita pembeni ya sikio la Ganzi ikazama kwenye mmea wa plastiki. Teke moja, Beretta ikaruka. La pili, Bwana Marashi akakaa kwenye boksi lake mwenyewe, wingu jeupe likapanda, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akanuka sabuni. Alimrushia ngumi, ikampata kwenye shavu. Ganzi akaisikia kama mtu anavyosikia mlango wa jirani. Akamgeuza, akamfunga mikono kwa waya wa chaja.

Nje ya kioo, vichwa vyote viliinama kwenye skrini, vikitikisika taratibu, kila kimoja na wimbo wake.

Kalenda peke yake ndiye aliyefungua mlango.

"Anti, ripoti ya... Mteja vipi?"

"Anapumzika."

Kalenda akatazama waya. Akatazama mmea. "Hiyo chaja ni yangu," akasema.

"Nitakurudishia."

Akafunga mlango taratibu.

Sikioni kukakwaruza.

"Bwana harusi amefika kwa fundi," akasema Mjomba. "Ametukuta ukumbini."

"Zawadi?"

"Zote. Hata moja haijafunguliwa." Mjomba akashusha sauti. "Mama yako atalala vizuri leo, binti yangu."

"Sawa, Mjomba."

"Ndiyo hivyo tu? Sawa?"

"Ndiyo hivyo tu."

Watu wawili waliovaa kama mafundi wa lifti wakampandisha Bwana Marashi kwenye kigari cha maboksi, wakamtoa kupitia mlango wa nyuma. Alikuwa anaendelea kuuliza nani aliidhinisha.

Mkurugenzi akamkuta Ganzi anafungasha laptopu.

"Mteja ameondoka bila kuaga, lakini posti imefanya vizuri kuliko zote. Watu wanabishana kuhusu taulo. Nakupa ajira ya kudumu, una kipaji."

"Nina kazi nyingine."

"Wanakulipaje huko?"

"Wanalipa."

"Umeumia shavuni?"

Ganzi akagusa. Kweli, damu ilikuwepo. "Printa," akasema.

Akakipandisha kiti chake kwa mara ya mwisho ili atakayekuja akute kiko juu. Akarudisha chaja. Akavaa koti, kofia ngumu, miwani ya giza. Akapita kati ya meza bila haraka, na wale waliovaa spika hawakuinua kichwa, na nyuma yake kiti kikaanza kuzama chenyewe.

*

Mama alikuwa bado na redio.

"Umechelewa."

"Kazi."

Akamwekea kopo jipya mkononi, mkono wa kulia. Vya hospitali, vimepimwa na maabara ya idara, kidonge kwa kidonge. Mama akalisogeza karibu na macho, akalitikisa, akanusa.

"Na yule kijana wa dukani nitamwambia nini?"

"Mwambie keshokutwa utanunua kwake. Vya chokaa vitakuwa vimeondolewa. Vyake pia vitakuwa vizuri."

"Umejuaje?"

"Nimejua."

Mama akameza, akanywa maji. Ganzi akaketi mbele yake, akamtazama koo likipanda na kushuka. Akasubiri kitu kije. Faraja, au uchovu basi, au hata njaa. Feni ikazunguka juu ya vichwa vyao.

"Unaniangalia nini?"

"Hakuna."

"Leo umekaa lakini," akasema Mama. "Siku nyingine husimama mlangoni."

Ni kweli, alikuwa amekaa. Hakukumbuka alikaa saa ngapi. Hakikuja kitu kingine. Akabaki hapohapo mpaka Mama aliposinzia kwenye kiti, akazima redio, akatoka, akawasha Yamaha.

Nilifika hapo, nikaweka kalamu chini, nikamsomea binti yangu wa mwisho. Huyo amewahi kufanya mafunzo kwenye kampuni kama hiyohiyo, nikajua atanipigia makofi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani.

"Baba, huyu ni jasusi wa siri?"

"Wa siri sana."

"Na ni mtu asiyesema maneno mengi."

"Bubu anamzidi."

"Aliyoyawaza kichwani, na alivyosubiri machozi yasije, nani alikusimulia?"

Nikakohoa. Nikasema tulikaa kiti kimoja kwenye basi.

"Na Yamaha yake?"

"Ilikuwa gereji."

"Jasusi wa siri akamsimulia mzee asiyemjua, ndani ya basi, operesheni nzima."

Mama yake alikuwa mlangoni anapepeta, akaacha kupepeta. Pale nyumbani adhabu ya kukamatwa na uongo inajulikana, na mimi ndiye niliyeitunga zamani, wakati wenye kukamatwa walikuwa watoto. Nikainuka, nikajifunga kitenge cha mke wangu kiunoni, nikaenda nyuma kwenye beseni la vyombo vya mchana. Vilikuwa vingi. Hilo nalo ni kweli.